JINA LA FAILI NA MKIA WAKE

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi. Nimeleta somo, na somo lenyewe ni la tarakilishi. Najua wapo watakaoguna wakisema, "Tarakilishi na Kiswahili, wapi na wapi?" Ngojeni kidogo. Somo hili linaanzia pale pale kwenye sarufi tuliyofunzwa tukiwa Kidato cha Kwanza.

Tuchukue kitenzi 'pika'. Ukigeuza mwisho wake unapata pikia, pikwa, pikisha na pikika. Mzizi ni ule ule, lakini kiambishi tamati kimeleta maana nyingine. Sasa tazama jina la faili: insha.docx. Mbele pana 'insha', jina alilolichagua mwandishi mwenyewe. Kisha pana nukta, halafu herufi nne. Herufi hizo ndizo kiambishi tamati cha faili. Wengine huziita kiendelezi. Mimi nitaziita mkia, maana kila mtu anajua mkia uko wapi.

Lakini hapa ndipo sarufi na tarakilishi zinapoachana njia, na hapa ndipo wengi wetu huteleza. Katika kitenzi, ukibadilisha kiambishi tamati, maana hubadilika kweli kweli. Katika faili, ukibadilisha mkia, kilichomo ndani hakibadiliki hata chembe. Umebadilisha jina tu.

Nitatoa mfano wa jikoni. Nyumbani kwetu, na bila shaka kwenu pia, kuna mikebe ya Kimbo ambayo mafuta yake yaliisha zamani. Mmoja una chumvi, mwingine una sukari, na ule wa tatu una vifungo na sindano za mama. Sisi wa nyumbani tunajua. Mgeni akisoma maandishi ya nje atasema, "Kumbe mafuta yapo tele!" Achukue ule wa tatu, atie kijiko ndani, adungwe na sindano. Mkia wa faili ni kama yale maandishi ya nje ya mkebe. Aghalabu husema kweli, lakini hakuna sheria inayoulazimisha kusema kweli.

Sasa kwa nini tarakilishi ihitaji maandishi ya nje? Ni kwa sababu ndani ya faili yoyote, iwe barua, wimbo au picha ya harusi, hamna kitu ila nambari. Chukua nambari 65. Katika faili ya maandishi, nambari hiyo ni herufi A kubwa. Katika faili ya picha, 65 hiyo hiyo inaweza kuwa kiasi cha wekundu katika kitone kimoja. Katika wimbo ni sehemu ya sauti. Ni sawa na neno 'paka'. Ukilikuta peke yake huwezi kujua kama ni yule anayekamata panya au ni kazi ya kupaka rangi. Lazima kwanza ujue sentensi inahusu nini. Programu nazo zina ujuzi wao: Word inajua kusoma nambari kama barua, programu ya muziki inajua kuzisoma kama sauti, na kadhalika.

Ukibofya faili mara mbili, Windows haichungulii ndani. Inasoma mkia peke yake, halafu inakwenda kwenye daftari lake la siri na kuuliza, "Huyu mwenye mkia wa .docx nimpeleke kwa nani?" Daftari linajibu, "Kwa Word." Basi Word inaamshwa na kukabidhiwa faili. Programu mpya inaweza kujiandikisha katika daftari hilo. Ndiyo sababu mtu akitia programu nyingine ya kusomea PDF, vijipicha vya faili zake zote za PDF hubadilika sura kwa mara moja, na yeye huanza kupiga mayowe ati ameingiliwa na virusi. Si virusi. Ni daftari tu limebadilishwa mstari mmoja.

Na kama daftari halina jibu? Hapo Windows hukuuliza wewe uchague programu. Wengi wakiona swali hilo hudhani faili imeoza. Wanaifuta! Maskini ya Mungu, wamefuta kazi nzima kwa sababu mashine yao ilikosa msomaji. Barua ya Kifaransa si barua mbovu kwa kuwa wewe ulisoma Kijerumani.

Mbona mikia mingi ina herufi tatu? Hiyo ni historia. Katika miaka ya 1970 Mmarekani aitwaye Gary Kildall alitunga mfumo wa CP/M, ambao ulitoa nafasi ya herufi 8 kwa jina na herufi 3 kwa mkia, basi. Mfumo wa MS-DOS wa Microsoft uliotoka mwaka 1981 ukafuata mtindo huo. Mtu aliyetaka kuandika 'barua ya mwalimu mkuu' alilazimika kuiita BARUAMWA.DOC au kitu cha namna hiyo. Wataalamu wa picha waliojiita Joint Photographic Experts Group, kwa ufupi JPEG, walipoleta aina yao ya picha, herufi zao nne hazikutoshea, hivyo E ikatupwa nje na picha zetu ni .jpg hadi leo. Windows 95 ilipotoka Agosti 1995 iliruhusu majina ya hadi herufi 255, lakini mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Tarakilishi za Macintosh za zamani hazikuhitaji mikia kabisa. Kila faili ilibeba kando alama ya herufi nne kuonyesha aina yake, na alama nyingine kuonyesha programu iliyoiunda. Mimi naona hao ndio waliokuwa na akili zaidi, lakini dunia ilifuata mkia, na Macintosh nazo zikaufuata.

Sasa tuje kwetu hapa. Kazi za toleo hili zililetwa kwa njia nyingi. Wengine waliandika kwa simu, wengine walipigiwa chapa saiba, wengine walileta kwa flashi. Wiki ya mwisho kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, shairi moja la Kidato cha Pili lilikataa katakata kufunguka. Mwenyewe alikuwa ameshafuta nakala ya simuni, na karatasi aliyoandikia mwanzoni haikuonekana. Mhariri wetu alikuwa karibu kulitoa katika orodha. Jina la faili lilikuwa 'shairi langu' tu, bila nukta, bila chochote. Aliyeituma alikuwa amebadilisha jina, na katika kulibadilisha akakata na mkia.

Tulifanya nini? Tuliifungua kwa Notepad, ile programu ndogo ya maandishi matupu iliyomo katika Windows zote. Notepad haibagui, inaonyesha lolote ililopewa. Tukaona michoro na alama za ajabu ajabu ukurasa mzima, lakini herufi mbili za kwanza kabisa zilikuwa PK. Hiyo ilitosha. Tukaifunga bila kuihifadhi (hilo ni muhimu sana, ukihifadhi hapo utaiharibu kweli), tukaongeza .docx mwishoni mwa jina, na Word ikaifungua. Beti saba, vina sawa. Mtalisoma humu humu jaridani.

Hizo PK si uchawi. Ni herufi za Phil Katz, Mmarekani aliyetunga faili za .zip mwaka 1989, zile za kufunga faili nyingi katika furushi moja. Aina nyingi za faili zina alama kama hiyo mwanzoni, na alama hiyo haijali mkia unasema nini. Faili ya PDF huanza na %PDF. Picha ya GIF huanza na GIF87a au GIF89a. Picha ya PNG ina herufi PNG karibu na mwanzo. Faili za .exe, yaani programu zenyewe za Windows, huanza na MZ, herufi za Mark Zbikowski, mhandisi mmoja wa Microsoft. Kwa hivyo ukitaka kujua mkebe una nini, usisome nje. Fungua kifuniko.

"Lakini subiri," mwerevu mmoja atauliza, "kama PK ni alama ya .zip, mbona shairi lilikuwa la Word?" Swali zuri. Jibu ni kwamba .docx ni furushi la .zip. Ukitaka kuamini, tengeneza nakala ya faili yoyote ya .docx, ubadilishe mkia wa nakala hiyo uwe .zip, kisha uifungue. Utakuta ndani kuna makabrasha. Kabrasha moja linaitwa word, na humo mna faili ya document.xml ambamo maneno yako yote yamo. Kama ulitia picha, utazikuta katika kabrasha la media zikiwa zima. Mimi huitumia mbinu hii kutoa picha kwenye nukuu za Biolojia. Faili za .xlsx, .pptx, .odt, vitabu vya .epub na hata programu za simu za .apk, zote ni mafurushi ya aina hiyo.

Word ya zamani haikuwa hivyo. Hadi Word 2003 faili zilikuwa .doc, na ndani mlikuwa na mpangilio mwingine kabisa. Word 2007 ndiyo iliyoleta .docx. Kwa hivyo mashine yenye Word 2003, isipoongezewa kitu, haijui kusoma .docx. Ukiikuta mashine kama hiyo, dawa si kubadilisha mkia kwa kalamu. Dawa ni kurudi kwa programu iliyoandika na kuiambia ihifadhi upya kwa aina nyingine. Kuna tofauti kubwa kati ya kubandika maandishi mapya kwenye mkebe na kumwaga chumvi ili utie sukari. Kubadilisha jina ni kubandika maandishi. Kuhifadhi upya ndiko kubadilisha kilichomo.

Mtu asidhani herufi moja ni jambo dogo. Nchini Uingereza, mwaka 2020 wakati wa korona, idara iliyoitwa Public Health England ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo kutoka maabara mbalimbali na kuyaingiza katika faili za Excel. Faili hizo zilikuwa za aina ya zamani, .xls. Sasa .xls ina mwisho wa mistari 65,536. Aina mpya, .xlsx, inaenda hadi mistari 1,048,576. Mistari ya .xls ilipojaa, majibu yaliyobaki yalikosa pa kukaa, yakaachwa nje. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba mwaka huo, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu ya kila siku. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini majina yao hayakufika kwa wakati kwa wale waliokuwa na kazi ya kuwatafuta watu waliokaa nao karibu. Watu hao waliendelea kupanda basi na kwenda kazini bila habari. Nilipolisoma jambo hili nilipigwa na butwaa. Nchi yenye wataalamu wote wale, na kilichokosekana ni x moja.

Kuhusu PDF nitasema kidogo tu. Kampuni ya Adobe iliileta mwaka 1993, na tangu 2008 ni kanuni ya kimataifa ambayo kampuni yoyote inaweza kuifuata. Uzuri wake ni kwamba hubeba mpangilio wake, na mara nyingi herufi zake pia, hivyo ukurasa hauchezi. Barua ya kuomba kazi uliyoipanga vizuri katika .docx inaweza kufika saiba ikiwa na jina lako ukurasa wa kwanza na sahihi peke yake ukurasa wa tatu, nawe unalipia kurasa zote. Ipeleke ikiwa PDF. Ubaya wake ni kwamba PDF ni ngumu kusahihisha. Ndiyo maana mhariri wa jarida hukasirika ukimletea insha ya PDF. Hawezi hata kuondoa koma.

Sasa nimefika pale penye hatari, na hapa naomba tusomane polepole. Mnajua Windows ina tabia ya kuficha mikia inayoijua. Faili insha.docx inaonyeshwa kama 'insha' tu, ati ili tusichanganyikiwe. Tarehe 4 Mei mwaka 2000, watu wa nchi nyingi walipokea baruapepe yenye kichwa ILOVEYOU. Iliandamana na faili ambayo jina lake kamili lilikuwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Hebu lisome tena. Mkia wa kweli ni ule wa mwisho, .vbs, na huo ni mkia wa programu inayotenda. Lakini Windows ikauficha, wakabaki wakiona .TXT, maandishi matupu yasiyodhuru. Nani angekataa barua ya mapenzi? Waliibofya. Programu ile ikaharibu faili zao za picha, kisha ikajituma yenyewe kwa kila mtu aliyekuwa katika orodha yao ya anwani. Kwa siku chache ilikuwa imeingia katika tarakilishi mamilioni. Aliyeitunga alikuwa kijana mwanafunzi wa Manila, Ufilipino, na hakufungwa, kwa kuwa nchi yake haikuwa na sheria ya makosa kama hayo wakati ule.

Mtasema hayo ni ya kale. La hasha, mtindo ni ule ule, umebadilika mlango tu. Leo faili inatumwa kwa simu ikiitwa 'mwaliko wa harusi' au 'fomu ya kazi', na mkia wake ni .apk. Fomu haiwi .apk hata siku moja. Mkia huo ni wa programu ya simu, na ukiikubalia kuingia na kuipa ruhusa ya kusoma jumbe zako, itasoma hata zile za nambari za siri za benki. Waambieni akina mama na akina nyanya nyumbani, kwa sababu wao ndio wanaotumiwa sana mialiko. Pia .docm si .docx. Herufi m pale mwishoni inaonyesha kuwa hati inaweza kuwa na programu ndogo ndani yake, na ukiiruhusu inatenda. Usiipe ruhusa kama hukuiomba hati hiyo.

Kuifanya Windows ionyeshe mikia yote ni kazi ya nusu dakika. Fungua kabrasha lolote, bofya neno View lililo juu, kisha utie alama penye File name extensions. Katika Windows 11, baada ya View unapitia Show kwanza. Tumeomba ruhusa na kufanya hivyo katika tarakilishi zote za maabara ya shule. Wenzetu wa Kidato cha Kwanza wamelalamika kuwa majina sasa ni marefu. Watazoea.

Jambo la mwisho ni la chama chetu wenyewe. Katika kabati la chama kuna sidii moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, 'Jarida 2002'. Nakala ya karatasi ya toleo hilo haiko tena, si maktabani, si kwa walimu. Ndani ya sidii mna faili moja yenye mkia wa .pmd, na kila mwaka wahariri wameijaribu, ikakataa, wakairudisha kabatini. Mkia huo ni wa PageMaker, programu ya Adobe ya kupanga kurasa za magazeti. Toleo lake la mwisho, la 7.0, lilitoka mwaka 2001, na halikupata mrithi wa jina hilo. Tarakilishi zetu hazina PageMaker, na hakuna duka linaloiuza. Na tusiwacheke wa 2002, kwa maana jarida letu la miaka ya karibuni limepangwa kwa Publisher na kuhifadhiwa kama .pub, nayo Microsoft imetangaza kuwa haitaihudumia Publisher baada ya Oktoba 2026.

Muhula uliopita Mwalimu mlezi alituruhusu kutia LibreOffice katika ile tarakilishi moja ya maabara ambayo bado ina mahali pa kutilia sidii. Programu hiyo hailipiwi, na sehemu yake iitwayo Draw hufungua .pub na hujaribu kufungua faili za PageMaker pia. Tulibofya, tukangoja. Mashine ni mzee, inakohoa. Halafu ukurasa wa kwanza ukatokea! Mistari ilikuwa imepishana, picha zilihama makwao, kichwa cha tahariri kilikuwa kimelala juu ya methali. Lakini maneno yapo. Kuna mashairi kumi na moja, mjadala kuhusu sare ya shule, na ripoti ya safari ya Mombasa ambayo sehemu kubwa inahusu basi kuharibika njiani.

Tumeihifadhi mara tatu: kama PDF ili ionekane ilivyo, kama .odt ili iweze kusahihishwa, na kama .txt, maandishi matupu, kwa kuwa hiyo hata Notepad inaisoma. Matoleo ya .pub yanafuata, mawili kila wiki. Wanaotaka kusoma la 2002 wamwone katibu wa chama baada ya masomo siku ya Jumatano. Ukurasa wake wa mwisho una fumbo la maneno lililoahidi majibu "katika toleo lijalo", na toleo hilo lililofuata hatujalipata hata kwa sidii. Kwa hivyo tumelichapisha fumbo lenyewe upya nyuma ya jarida hili. Namba 14 kwenda chini imetushinda sote, pamoja na walimu wawili.